Nataka kompyuta ndogo isiyoninyamazia darasani

Mshauri mpendwa,

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa karibu na Butere, na sioni kabisa. Nukta nundu nasoma tangu shule ya msingi. Kwenye simu natumia TalkBack, na kwenye laptopu natumia NVDA, programu zinazonisomea skrini kwa sauti. Laptopu yenyewe ndiyo imenichosha: ni nzito, betri haimalizi saa mbili, na kuibeba kwenye bodaboda kila asubuhi nikiwa na fimbo mkononi ni adha.

Natafuta kompyuta ya kutia mkobani, inayoongea, niandikie maandalio ya somo, niweke alama za mitihani na kusomea vitabu. Ningependa iwe ya programu huria, maana sitaki sauti inayodai leseni, wala sitaki kampuni ichoke na kifaa chake halafu mimi nibaki na gofu. Mdogo wangu aliye Nairobi ananihimiza niagize uConsole, ile ya kushika kwa mikono miwili. Mwalimu wa kompyuta hapa shuleni anasema Raspberry Pi 5, kompyuta ya ubao mmoja mdogo, ndiyo yenye nguvu. Muuzaji mmoja wa Kisumu yuko tayari kuniuzia laptopu ndogo ya mitumba na kuniwekea Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Nina shilingi 45,000.

Kinachonitia hofu ni kimya. Siku sauti ikikatika nami niko peke yangu, nani atanisomea skrini? Nichague nini?

Mwalimu, Butere

JIBU

Mwalimu,

Hofu yako ya kimya ndicho kipimo kinachofaa, na tutakitumia kwa vyote vitatu. Kabla ya kuulizia kasi ya kifaa, uliza mambo mawili. Ukikiwasha, kinaanza kuongea katika hatua gani? Na kikinyamaza, kuna njia gani ya pili ya kukiingilia bila kuazima macho ya mtu? Kifaa kisichojibu swali la pili hakikufai hata ukipewa bure.

uConsole ya ClockworkPi ni kifaa kizuri kwa anayeona na anayependa kufungua vyombo. Huja vipande vipande, ukiunge mwenyewe, na betri zake mbili za aina ya 18650 hutafutwa kando. Pesa nyingi zimeingia kwenye skrini ya inchi 5 ambayo hutaitazama. Kibodi yake ni ya vidole gumba. Wewe umezoea vidole kumi. Kuandika muhtasari wa somo la dakika 40 kwa vidole gumba viwili ni kujirudisha nyuma. Simu za Linux kama PinePhone zina tatizo jingine: Orca, kisoma skrini cha Linux, kilijengwa kwa ajili ya kibodi, hakina ishara za kupapasa kioo kama ulizozoea kwenye TalkBack.

Laptopu ya mitumba ina nguvu ya kutosha, na kisakinishi cha Debian, mojawapo ya aina za Linux, huongea: kikilia mlio wa kuonyesha menyu iko tayari, bonyeza s kisha Enter, kitakusomea hatua zote. Lakini kabla ya Linux kuamka, kompyuta za aina hiyo hupitia menyu ya mtambo, ile ya F2 au F12, na menyu hiyo haisemi neno. Siku ikihitaji kubadilishwa utategemea macho ya mtu. Isitoshe, betri ya mitumba itakurudisha kwenye saa zako mbili.

Raspberry Pi 5 haina tundu la visikizio. Tena inataka umeme wa volti 5 na ampea 5, ilhali pawabanki nyingi hutoa ampea 3 kwa volti 5. Ukiilisha ampea 3 itawaka, ila itabana umeme unaokwenda kwenye matundu ya USB. Nguvu yake ya ziada ni ya skrini, video na michezo. Kuandika na kusomewa hakuhitaji hayo.

Sisi tungekununulia Raspberry Pi 400. Hii ni kompyuta nzima iliyofungwa ndani ya kibodi, yenye memori ya GB 4. Haina skrini, kwa hiyo hulipii skrini. Haina feni, kwa hiyo haivumi masikioni mwako. Urefu wake ni kama sentimita 28, inaingia kwenye mkoba wa vitabu. Ilipotoka Novemba 2020 ilitangazwa kwa dola 70 bila vifaa vya ziada. Bei ya Kenya huwa juu zaidi kwa sababu ya usafiri na ushuru, lakini bajeti yako inaihimili na kubaki. Kitufe cha kuwasha na kuzima kiko kwenye kibodi: F10 huwasha, na Fn pamoja na F10 ukivishikilia kwa sekunde mbili huzima kwa usalama. Ukivishikilia sekunde 10 inakatika ghafla, na hilo ni la dharura tu kwa sababu linaweza kuharibu faili.

Sababu kubwa ya kuichagua ni nyingine. Raspberry Pi haina ile menyu bubu ya mtambo. Mfumo wote uko kwenye kadi ya memori, na mipangilio ya kuwaka imo katika faili la maandishi la kawaida liitwalo config.txt. Ukikosea, unachomoa kadi, unaitia kwenye laptopu yako yenye NVDA na kurekebisha herufi kwa herufi.

Kuhusu uhuria tuwe wakweli. Linux, eSpeak NG inayotoa sauti, Speakup inayosoma skrini ya maandishi na BRLTTY ya nukta nundu zote ni huria, na hakuna hata moja itakayokudai leseni. Ubao wenyewe wa Raspberry Pi si huria kikamilifu. Sehemu ya programu inayouamsha ni siri ya watengenezaji. Anayetaka kila kitu wazi hadi michoro ya ubao ana laptopu ndogo ya MNT Pocket Reform, lakini bei yake haikaribii shilingi 45,000. Kuna pia BT Speak ya Blazie Technologies ya Marekani, iliyojengwa juu ya Raspberry Pi Compute Module 4 na Linux, yenye funguo za nukta nundu kama za mashine ya Perkins na isiyo na skrini. Ingekufaa sana. Bei yake ndiyo inayoiweka mbali: ni mara kadhaa ya ulichonacho. Ukipata mfadhili, omba hiyo.

Sasa umeme na sauti, maana karibu kila kimya hutoka huko.

Kompyuta ikiwa mbele yako kama unayeandika, matundu ya nyuma kutoka kushoto ni haya: waya wa mtandao, USB 2, USB 3 mbili, tundu dogo la umeme la USB-C, HDMI ndogo mbili, mlango wa kadi ya memori, kisha pini 40 upande wa kulia kabisa. Tundu la visikizio hakuna. Nunua adapta ndogo ya sauti ya USB na uichomeke kwenye USB 2. Visikizio viwe vya waya: vya Bluetooth huchelewesha sauti na kumeza silabi ya kwanza kila baada ya kimya, na kwa anayeandika akisikiliza herufi zake huo ni usumbufu usiokoma. Darasani vaa sikio moja tu.

Pawabanki ya mAh 20,000 ina takriban saa-wati 74. Ukitoa kinachopotea njiani unabaki na kama 60, na mashine hii kwa kazi ya maandishi hula wati 4 hadi 5. Hiyo ni siku nzima ya shule na jioni yake, stima iwepo isiwepo. Kwenye maandishi ya pawabanki mwambie mtu akusomee mstari wa volti 5: lazima useme ampea 3. Waya uwe mfupi na mnene, sentimita 30 hivi. Nyaya nyembamba za kuchajia simu hupoteza volti, na umeme ukishuka chini ya volti 4.63 kompyuta hujipunguza kasi na sauti huanza kukwamakwama. Anayeona huonyeshwa alama ya radi pembeni mwa skrini. Wewe uulize kwa amri:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni salama. Jibu la 0x50000 lina maana kwamba tangu uwashe umeme uliwahi kupungua. 0x50005, unapungua sasa hivi. Badilisha waya kwanza, halafu pawabanki. Jihadhari pia na kuchaji pawabanki huku kompyuta inaila. Nyingi hukata umeme kwa nukta ya sekunde unapochomeka au kuchomoa chaja ya ukutani, kompyuta inazima ghafla, na kadi ya memori inaharibika.

Kadi yenyewe iwe ya GB 32, daraja la A1, na ununue mbili. Kadi bandia zimejaa sokoni: imeandikwa 32 lakini ndani ina 8, na siku ya kujaa faili zinaharibika bila onyo. Nunua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa na uipime siku hiyohiyo. Kwenye Linux ni f3write kisha f3read. Kwenye Windows ni H2testw.

Kusakinisha unaweza mwenyewe kupitia laptopu yako. Tumia Raspberry Pi Imager, chagua Raspberry Pi OS Lite ya biti 64, ile isiyo na eneokazi. Kabla ya kuandika kadi, kwenye mipangilio weka jina la mtumiaji, neno la siri, jina na neno la siri la hotspoti ya simu yako, nchi ya Wi-Fi iwe KE, na uruhusu SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka kifaa kingine kwa mtandao. Usiache nchi; bila nchi redio ya Wi-Fi hubaki imefungwa, na hapo ndipo wengi hukwama wakidhani kadi ni mbovu. Tia kadi, washa, ngoja dakika tatu kwa mara ya kwanza. Orodha ya vifaa vilivyoungwa kwenye hotspoti itakuonyesha anwani ya kompyuta. Unga laptopu kwenye hotspoti hiyohiyo, fungua dirisha la amri la Windows, na uandike ssh, nafasi, jina lako, alama ya @, kisha anwani. NVDA husoma dirisha hilo vizuri. Ukishaingia:

sudo apt update
sudo apt install espeakup espeak-ng brltty alsa-utils
aplay -l

Amri ya mwisho hutaja kadi za sauti. Utasikia vc4hdmi0 na vc4hdmi1, ambazo ni za HDMI, na jina la adapta yako, mara nyingi Device. Hapa ndipo chanzo kikuu cha kimya kilipo: ukimwachia mfumo achague, anaweza kupeleka sauti HDMI ambako hakuna kitu, na nambari za kadi hubadilika kati ya kuwaka na kuwaka. Kwa hiyo itaje kadi kwa jina. Fungua /etc/default/espeakup kwa nano, kihariri cha maandishi, uweke mstari wa VOICE="sw" na mwingine wa ALSA_CARD="Device". Kisha:

sudo modprobe speakup_soft
sudo systemctl restart espeakup

Sauti ikiwa hafifu, adapta nyingi huanza chini. Andika amixer -c Device scontrols usikie jina la kidhibiti, ipandishe kwa amixer -c Device sset ukiongeza jina hilo na 80%, na umalize kwa sudo alsactl store. Usipoihifadhi, kesho inaweza kurudi chini.

Zima na kuwasha tena. Ukisikia neno login, kazi imekwisha. Usiweke kuingia bila neno la siri, maana mna alama za watoto wa watu humo.

Kuna jambo la sauti linalokuhusu wewe hasa. Sauti ya Kiswahili ya eSpeak husoma kila neno kwa tahajia ya Kiswahili, na somo lako la Historia ni la Kiingereza. Tengeneza faili mbili fupi za amri, moja ya kila lugha. Ya Kiswahili iwe na mistari hii:

sudo sed -i 's/^VOICE=.*/VOICE="sw"/' /etc/default/espeakup
sudo systemctl restart espeakup

Ya Kiingereza weka en mahali pa sw. Kubadilisha kunachukua kama sekunde moja. Sauti hii ni ya mashine waziwazi, haina utamu wa sauti za simu, lakini inajibu papo hapo na haipotezi silabi hata ukiiharakisha. Kwa kuandika, mwitikio wa haraka una thamani kuliko utamu.

Speakup iliundwa kwa kibodi yenye nambari za pembeni, ambazo Pi 400 haina. Tumia CapsLock kama ufunguo: CapsLock na I husoma mstari ulipo, U wa juu, O wa chini, K husoma neno, J na L maneno ya pembeni, alama ya mkato husoma herufi.

Kwa kazi zako, nano inatosha kuandikia. Andalio la somo geuza kwa pandoc liwe docx kabla ya kulipeleka saiba kuchapishwa. PDF zisome kwa pdftotext, iliyomo katika poppler-utils. Kitabu kilichopigwa picha kinahitaji tesseract-ocr, inayogeuza picha kuwa maandishi, pamoja na tesseract-ocr-swa ya Kiswahili. Ukurasa ulionyooka na wenye mwanga hutoka vizuri, ila majedwali huvurugika na si ya kuaminiwa. Alama ziandike kwenye faili ya CSV, mwanafunzi mmoja kila mstari, koma kati ya kila kitu. Usitie koma ndani ya jina. Na ujue kwamba Excel ya ofisini ikifungua faili hiyo hufuta sifuri za mwanzo: nambari ya usajili 0457 inageuka 457. Mwambie karani aingize safu hiyo kama maandishi.

Saa ya kompyuta hii haina betri yake. Ukiwasha bila mtandao tarehe itakuwa ya zamani, na faili za mtihani zitabeba siku isiyo yake. Washa hotspoti kidogo kila asubuhi, au fundi akuwekee kipande cha saa chenye betri kiitwacho DS3231 kwenye zile pini 40.

Usitegemee kifaa hiki kwa TPAD ya TSC (tathmini ya walimu), tovuti ya KNEC (baraza la mitihani) au eCitizen (huduma za serikali). Vivinjari vya maandishi kama w3m havimudu kurasa za aina hiyo. Kazi hizo zibaki kwenye simu, au laptopu ikiwa imetulia mezani nyumbani. Kuweka Orca na eneokazi kamili kwenye Pi 400 kunawezekana, lakini huwa nzito, tena sauti ya eneokazi na ile ya Speakup hugombania adapta moja na moja hunyamaza. Tunakushauri usichanganye.

Sasa siku ya kimya chenyewe. Kwanza bonyeza Enter na ungoje. Kuwaka huchukua nusu dakika au zaidi. Pili, gusa adapta. Ikichomoka na kurudishwa huku mashine imewaka, sauti hairudi yenyewe hadi espeakup ianzishwe upya, na hilo unaweza kuliandika bila kusikia: jina, Enter, neno la siri, Enter, halafu sudo systemctl restart espeakup. Kama huna hakika ulipo, Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja huwasha upya kwa utaratibu. Tatu, simu: weka Termux, programu ya kuandikia amri, ndani yake pkg install openssh, kisha ingia kwa ssh kama ulivyofanya kwa laptopu, TalkBack ikikusomea majibu. Hii ndiyo njia ya pili tuliyoulizia mwanzoni, nawe ifanyie mazoezi kabla hujaihitaji. Ikishindikana hata hivyo, tia kadi ya pili uliyoiandaa sawasawa na ya kwanza. Ikiongea na hiyo, kadi ya kwanza ndiyo iliyokufa. Ikiwa bubu nayo, shuku adapta, waya au pawabanki, kwa mpangilio huo.

Kwa kuwa unasoma nukta nundu, kuna njia ambayo haitegemei sauti kamwe. Orbit Reader 20, yenye seli 20, huungwa kwa USB na BRLTTY huitambua. Sauti ikikatika vidole vinaendelea kusoma. Yenyewe si huria na bajeti yako haiifikii, lakini Kilimanjaro Blind Trust Africa imekuwa ikizisambaza shuleni nchini, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa saidizi kupitia ofisi zake za kaunti. Peleka ombi Kakamega ukiwa na kadi yako ya usajili. Taja Orbit Reader kwa jina na ueleze ni ya kazi ya kufundisha. Ukija kuagiza moja kutoka nje, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe ushuru vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu; kisoma nukta nundu kinaingia hapo wazi, kompyuta ya kawaida kama Pi 400 haiingii. Tafuta barua ya msamaha kabla mzigo haujatua, kwa sababu kudai kurudishiwa ushuru uliokwisha lipwa ni safari ndefu.

Ununuzi ufuate mpangilio huu: kwanza adapta ya sauti na visikizio, uvijaribu kwenye laptopu yako, kisha kadi mbili, uzipime, halafu Pi 400, mwisho pawabanki na waya, na hizi mbili uzijaribu palepale dukani kompyuta ikiwa imewaka, amri ya vcgencmd ikikujibu 0x0 kabla hujalipa.